Daftari la Msimamizi wa Mabomba

Saa nane na nusu usiku mtaa huwa umetulia. Bodaboda ni za kuhesabu, redio zimezimwa, pampu za magorofani zimenyamaza. Hapo ndipo mzee niliyepangiwa kufanya naye zamu alipoteremka kwenye gari na nondo yake: chuma cha urefu wa mita moja na nusu hivi, kimechongoka upande mmoja na upande wa pili kina kibonge cha mti. Akafunua chemba, akasimamisha ncha ya chuma juu ya shina la valvu, akategea sikio kwenye kibonge. Kisha akanipisha.

"Sikiliza. Ukisikia kimya, tunaondoka."

Haikuwa kimya. Nilisikia mlio mwembamba usiokatika, kama birika linapokaribia kuchemka. Tulipofika chemba ya pili mlio ulikuwa mzito zaidi, na ya tatu ukafifia. Mzee akatoa daftari lenye jalada gumu mfukoni mwa koti, akaandika saa, jina la mtaa, na idadi ya hatua kutoka kona ya msikiti hadi pale tulipokuwa. Asubuhi vibarua walichimba hapo. Juu ya bomba la chuma lililoliwa na kutu kulikuwa na tundu dogo ambalo hata penseli isingepenya. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote ya unyevu, kwa sababu mchanga wa Dar es Salaam humeza maji kimya kimya.

Tufanye hesabu kidogo. Tundu la milimita 5, penye msukumo unaoweza kuinua maji mita 30, hutoa karibu lita 1,000 kwa saa. Kwa siku ni zaidi ya ndoo 1,200 za lita 20. Maji hayo yalikwisha kuchotwa Mto Ruvu, yakatiwa dawa, yakasukumwa kwa umeme makumi ya kilomita hadi mjini, na yakaishia mchangani kwenye mtaa ambao wiki ile ile ulikuwa kwenye mgao.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya kijana anayefikiria kuishi kwa kazi hii: kusimamia mtandao wa majisafi na majitaka. Nakusudia msimamizi hasa, yule anayejua valvu ipi ifungwe, nani apelekwe wapi, bomba gani litapasuka msimu ujao, na chemba gani asiingie mtu. Wengi wanaoniuliza juu ya kazi hii huanza na cheti gani kinatakiwa. Cheti nitakieleza. Ila kinachomfanya mtu awe msimamizi ni kujua kitu asichokiona, na ujuzi huo haupatikani ila kwa mikono kwenye udongo na kalamu kwenye karatasi. Nimewaona wahandisi wazuri wa darasani wakiishi miaka kumi ofisini bila kuujua mtandao wao, na nimewaona mafundi wanaoujua wote kwa moyo, wakastaafu nao.

Kwa Tanzania, milango ya kuingilia ni kadhaa. Aliyemaliza kidato cha nne na ana haraka ya kushika kazi anaweza kusomea ufundi bomba kwenye vyuo vya VETA. Anayetaka kwenda mbali zaidi akatafute Chuo cha Maji pale Ubungo, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya kuzalisha wataalamu wa sekta hii. Unaweza kuanza na cheti cha awali, ngazi ya 4, ukapanda hadi stashahada ya ngazi ya 6, na ukitaka ukaendelea na shahada. Huko kuna uhandisi wa usambazaji maji na usafi wa mazingira, maabara ya ubora wa maji, na uchimbaji wa visima. Kwa waliomaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri hisabati na fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wana programu za uhandisi zinazogusa maji na mazingira. Jirani zetu Kenya wana taasisi yao ya maji, KEWI.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu ambaye moyo wake uko kwenye mtandao wenyewe, stashahada ikifuatiwa na miaka miwili au mitatu ya kazi, kisha shahada, ni njia bora kuliko kukimbilia shahada moja kwa moja. Najua wazazi wengi hawatapenda kusikia hivyo. Lakini yule wa stashahada anaporudi darasani, kila fomula anayofundishwa ina bomba lake kichwani. Mwalimu akisema msuguano unakula msukumo, yeye anaikumbuka ile laini ya inchi moja iliyolisha nyumba thelathini, na mama wa nyumba ya mwisho aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukinga ndoo moja.

Ukipata shahada, usichelewe kujisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo uitwao SEAP, ambao humweka mhitimu chini ya mhandisi mlezi kwa miaka mitatu, akijaza kitabu cha kumbukumbu za kazi anazofanya. Vijana wengi hukiona kitabu hicho kama fomu ya kukamilisha. Nakusihi ukichukulie kwa uzito, maana tabia ya kuandika ulichokifanya leo, kwa nini ulikifanya, na kilitokea nini, ndiyo kazi yenyewe ya usimamizi. Mafundi sanifu nao wana nafasi yao ya usajili kwenye Bodi hiyo hiyo. Wasijione wameachwa nje.

Ajira za mamlaka za maji za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na foleni yake ni ndefu. Usikae nyumbani ukiisubiri tu. RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019 chini ya sheria mpya ya huduma za maji, inasimamia maji vijijini, na chini yake vipo vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii vinavyohitaji mafundi wenye akili ya kuandika. Zanzibar kuna mamlaka yao ya maji, ZAWA. Migodi, mashamba makubwa ya miwa, hoteli za ufukweni, hospitali kubwa na vyuo vina mitandao yao wenyewe, mingine yenye hata mitambo midogo ya kutibu majitaka. Wakandarasi wanaolaza mabomba hutafuta wasimamizi wa mtaro kila siku. Mtandao mdogo wa skimu ya kijiji, wenye tangi moja na vituo ishirini vya kuchotea, ni shule nzuri kuliko mtandao wa jiji ambako utapewa kona moja tu.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza daftari.

Nilipokuwa na miezi minne hivi kazini, nilitumwa kufunga maji ili bomba lililopasuka litengenezwe. Nilikuwa na ramani ya ofisi. Ramani ilionyesha valvu upande wa kushoto wa barabara, nami nikaikuta valvu upande wa kushoto, nikaifunga. Maji kwenye mpasuko hayakupungua hata tone. Nikadhani valvu ni mbovu, nikaenda kutafuta nyingine juu zaidi. Hadi jioni ndipo tulipogundua kwamba barabara ilikuwa imepanuliwa miaka mingi nyuma, bomba kuu likahamishiwa upande wa kulia, na valvu niliyoifunga inalisha mtaa wa pili. Katika mtaa huo kulikuwa na zahanati yenye wodi ya wazazi. Walikaa bila maji kuanzia saa tatu asubuhi. Muuguzi mmoja aliniambia bila kunifokea, na hilo liliniuma zaidi, kwamba waliwaomba ndugu wa wazazi wakanunue maji ya madumu.

Aliyejua bomba limehamishwa alikuwa fundi aliyekwisha kustaafu. Tulimpigia simu, akatuelekeza valvu sahihi kwa dakika mbili akiwa shambani kwake. Maarifa yalikuwepo, yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na ofisi haikuwahi kumwomba ayaache.

Kwa hiyo nunua daftari gumu kabla hujanunua buti. Kila shimo linapofunuliwa una nafasi adimu ya kuona kitu ambacho huenda kisionekane tena kwa miaka ishirini. Andika tarehe, bomba ni la nini, chuma au plastiki au simenti ya zamani, kipenyo chake, kina kutoka usawa wa ardhi, na umbali wake kutoka alama mbili zisizohama. Mwembe si alama. Kibanda cha chipsi si alama. Kona ya nyumba ya matofali, nguzo ya umeme, ukingo wa daraja, hizo ni alama. Simu yako itakupa nukta ya GPS, nayo iandike, ila ina kosa la mita kadhaa, na mita kadhaa kwa mtu anayechimba kwa koleo ni nusu siku ya jasho.

Valvu zina habari zake. Andika inafungwa kwa kuzungushia kulia au kushoto, kwa sababu zipo zinazofungwa kinyume, na ukilazimisha upande usio wake utavunja shina. Hesabu mizunguko. Kama mwaka jana ilifungwa kwa mizunguko 22 na leo imegoma kwenye 15, basi kuna jiwe au kutu chini ya ulimi wake, na maji bado yanapita ingawa mkono wako unakuambia imefunga. Mizunguko hiyo saba inayokosekana imewahi kuwalowesha mafundi wengi waliokata bomba wakiamini ni kavu.

Baada ya miezi sita daftari lako litakuwa na thamani kuliko vyeti vyako. Hapo jifunze kuyahamishia yaliyomo kwenye kompyuta. Programu ya QGIS ya kuchorea ramani haina gharama. EPANET, iliyotengenezwa na wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, nayo ni bure; inakuwezesha kuuchora mtandao wako na kuuliza maswali kabla ya kuchimba: nikiongeza nyumba hamsini mlimani, nani atakosa maji? Msimamizi anayeweza kumpelekea meneja jibu la swali hilo likiwa na ramani na namba, badala ya kusema "nadhani bomba ni dogo", huyo hachelewi kupandishwa.

Sasa tuingie kwenye maji yenyewe, maana vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa miji ambayo bomba limejaa saa 24. Sisi tuna mgao. Oktoba 2022, ukame uliposhusha maji ya Mto Ruvu, Dar es Salaam nzima ilikumbuka maana ya neno hilo, ingawa mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu kwa uwezo wake kamili inaweza kutoa lita milioni 270 na milioni 196 kwa siku. Mgao haumalizi kazi ya msimamizi, bali huibadilisha kabisa.

Chukua mfano wa kupima upotevu usiku. Vitabuni utasoma kwamba kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, kwa hiyo maji yanayopita kwenye dira kuu ya mtaa ni mivujo mitupu. Nenda ukapime hivyo kwenye mtaa wenye mgao, utaambiwa mtaa mzima unavuja. Ukweli ni kwamba watu wamelala lakini matangi yao hayajalala. Maji yakija usiku, kila tangi la juu na kila kisima cha chini ya ua kinajaa kupitia boya. Itabidi usubiri usiku wa pili au wa tatu wa maji mfululizo, matangi yakiwa yameshiba, ndipo namba ya dira ikuambie kitu cha kweli. Na ukisikiliza kwa nondo, kumbuka kwamba bomba la plastiki halisafirishi sauti kama la chuma; chemba zako ziwe karibu karibu, au utapita juu ya mvujo bila kujua.

Kufungulia maji baada ya mgao ni ufundi wa pekee. Bomba limejaa hewa. Ukifungua valvu kwa pupa, maji yanaisukuma hewa mbele yake, yanakimbia, kisha yanagonga kona au valvu iliyofungwa. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huweza kuzaa msukumo wa ziada wa karibu mita 100. Bomba lililojengwa kuhimili mita 60 litafanyaje? Mipasuko mingi inayotokea siku ya kwanza ya maji hutokana na mkono wenye haraka. Fungua robo, subiri, nenda kwenye chemba ya kutolea hewa usikilize inavyopumua, kisha rudi uongeze.

Kuna jingine linalonikosesha usingizi zaidi ya mipasuko. Bomba likiwa tupu, au likiwa linaishiwa, hunyonya. Tundu lililokuwa likitoa maji jana, leo linaingiza kilicho nje: maji ya mtaro, na mahali ambapo bomba la majisafi limepita karibu na shimo la choo au chemba inayofurika, linaingiza hicho. Ndiyo sababu siwaamini wanaotaka kutenganisha kazi ya majisafi na ya majitaka kama ndugu wasiosalimiana. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ulitukumbusha wote umbali uliopo kati ya mabomba hayo mawili. Tembea na kipimo cha klorini. Maji ya bomba yanapofika kwa mteja yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita. Ukikuta sifuri kwenye bomba la mwisho wa laini, usiongeze dawa mtamboni ukadhani umemaliza. Fuata laini nyuma hatua kwa hatua hadi uone inapotea wapi.

Vijana wengi wakipewa kuchagua hukimbia majitaka. Nawaelewa, na ninawasihi wafikirie tena. Upande huo una upungufu wa watu wanaoujua vizuri, na anayeujua hutafutwa. Zaidi ya hapo, ndiko kunakohitajika akili nyingi, kwa sababu kwenye bomba la majitaka kwa kawaida hakuna pampu ya kukuokoa. Kinachofanya kazi ni mteremko peke yake. Majitaka yanatakiwa yatembee angalau sentimita 60 kwa sekunde mara moja kwa siku ili yasombe mchanga na uchafu uliotuama. Mkandarasi akilaza bomba bapa kwa kukosa pima maji, hakuna atakayeona siku ya uzinduzi. Litaziba mwaka unaofuata, na ujao, na kila mwaka utakaokuwa kazini. Kwa hiyo kuwa mkali siku bomba linapolazwa. Simama na kamba na pima, na usione aibu kumwambia mkandarasi afukue.

Chemba ikifurika, usianze kuzibua pale inapofurika. Fuata laini kuelekea chini, ukifunua chemba moja moja, hadi uikute ya kwanza iliyo kavu. Kizibo kipo kati ya hiyo kavu na ile iliyojaa juu yake. Fimbo za kuzibulia huingizwa kutoka kwenye ile kavu kwenda juu, huku ukikaa tayari kujitoa, kwa sababu kizibo kikiachia, yote yaliyokuwa yamesimama yanakuja kwa mkupuo. Kisha angalia kilichotoka, na ukiandike. Mafuta yaliyoganda yanakupeleka kwenye jiko la hoteli lisilo na mtego wa mafuta. Pampasi na matambara yanakupeleka kwenye nyumba za kupanga. Mchanga mtupu unakuambia kuna bomba limevunjika au kuna mtu, masika yalipompelekea maji uani, amefungua kifuniko cha chemba ili mvua ipitie huko. Hilo la mwisho hufanywa na watu wema kabisa, na kero yake huibuka sebuleni kwa jirani aliye bondeni.

Na ujue kwamba nyumba nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na bomba la majitaka hata kidogo. Zina vyoo vya shimo na matangi ya maji machafu. Magari ya kunyonya, barabara yanakopita, na mabwawa yanakomwaga, kama yale ya Vingunguti, vyote ni sehemu ya mtandao. Msimamizi anayejali mabomba tu ameacha sehemu kubwa ya jiji nje ya daftari lake.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili.

Siku moja ya kiangazi tulifunua chemba ya majitaka yenye kina cha mita tatu. Kibarua mmoja, kijana mchangamfu, aliangusha spana ndani. Chini palikuwa pakavu, spana inaonekana. Akaweka mguu kwenye ngazi ya chuma. Fundi kiongozi alimshika ukosi wa shati bila kusema neno, akamvuta nyuma, kisha akafunga kipima gesi kwenye kamba, akakiteremsha. Kilipofika kama mita mbili kilianza kulia. Spana tuliitoa kwa sumaku na kamba. Kijana alikaa juu ya kifuniko akitetemeka mikono, akisema, "Lakini hapanuki, bosi. Hapanuki kitu."

Hicho ndicho kinachoua. Gesi ya salfidi hidrojeni hunuka yai viza ikiwa kidogo. Ikizidi, hupooza pua, nawe unaona hewa ni safi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini ya chemba ikingoja. Mahali pengine hakuna gesi ya sumu ila oksijeni imekwisha tu, na mtu huanguka kabla hajafikiri. Kisha anayefuata anaruka kumwokoa. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu za namna hiyo walikuwa waokoaji. Mwili wa rafiki yako uko mita tatu chini yako, na miguu yako inataka kwenda. Isiende.

Kwa hiyo: pima juu, katikati na chini kabla ya mtu kuingia, na endelea kupima akiwa ndani. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, haingii mtu. Aingiaye avae mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, ili avutwe bila mtu mwingine kushuka. Aliye juu kazi yake ni kubaki juu. Kama ofisi haina kipima gesi, chemba inafungwa na wewe unaandika barua ya kukiomba, unabaki na nakala. Utaambiwa unachelewesha kazi. Chelewesha. Mitaro nayo isikudanganye. Ikifika kina cha mita moja na nusu kwenye udongo wetu wa kichanga, weka mbao za kuzuia kingo, kwa sababu mchanga ukimfunika mtu hadi kifuani hapumui tena hata kama kichwa kiko nje. Na kabla ya wiki yako ya kwanza upande wa majitaka, kapate chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini.

Kuhusu watu nitasema machache. Utakutana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kuchimba, utahitaji kibali cha TARURA au TANROADS ukikata barabara, na utauliza kuhusu nyaya za umeme zilizo chini. Jenga uhusiano nao siku ambazo huna shida nao. Wateja watakufokea, waambie saa unayotarajia maji yarudi, na ukiona saa hiyo haitawezekana wapigie kabla haijafika. Utaletewa bahasha ili ufumbie macho bomba lililounganishwa gizani. Anayeileta ana matangi manne. Anayelipia ni yule mama wa mwisho wa laini. Ukiipokea mara moja, mafundi wako wote watajua kabla ya jua kuzama, na hutawahi tena kumwambia yeyote kati yao afukue na kurudia kazi mbovu.

Dada zetu wanaingia kwenye kazi hii kwa wingi kuliko zamani, na nimefanya kazi na wasimamizi wanawake ambao ningewakabidhi jiji zima. Kinachowakwamisha ni mambo madogo yasiyo na sababu: gari la zamu lisilompitisha nyumbani usiku, mavazi ya kazi ya saizi za wanaume, kambi isiyo na choo. Ukiwa msimamizi, yarekebishe yote hayo wiki ya kwanza.

Kama bado hujaanza chuo, au unasubiri majibu ya kuitwa, kuna kazi unayoweza kuifanya wiki hii bila ruhusa ya mtu. Anza kwenye bomba la uani kwenu. Soma dira usiku kila mtu akiwa amelala na tangi likiwa limejaa, usome tena alfajiri kabla ya mtu kugusa koki. Kama namba imesogea, nyumba yenu inavuja. Kisha fuata bomba kutoka kwenye dira hadi lilipotoka, mtaa kwa mtaa, ukichora kwenye karatasi kila kifuniko unachokiona, cha majisafi na cha majitaka, bila kufungua hata kimoja. Waulize wazee waliojenga mtaa huo bomba lilipita wapi mwanzoni, na andika jina la kila aliyekuelekeza. Mahali utakapokuta kifuniko kimefukiwa na kifusi cha mwenye nyumba, usikiruke. Kiandike hivyo hivyo: kifuniko, kimefukiwa, hatua 14 kutoka nguzo ya umeme, hatua 9 kutoka kona ya ukuta.